Kuandika muziki huru wa mji wako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali yanatoka kwa watu wanaotaka kufuatilia na kuandika habari za wasanii huru wa mji wanaoishi. Wengi wanauliza yaleyale kwa hiyo nimeona niyajibu pamoja. Niseme mapema kinachoniuma ili ujue kwa nini majibu mengi yatarudi palepale: shoo inapigwa, watu wanatoka jasho, wengine machozi kabisa, alafu miaka mitano baadaye hakuna mtu hata mmoja anayekumbuka ilikuwa tarehe ngapi na nani alikuwa anapiga besi.

Muziki huru ni upi hasa? Ni wasanii wa andagraundi tu?

Hapana, na hapa wengi wanachanganya. Andagraundi ni kutojulikana, uhuru ni suala la nani anamiliki na nani anaamua. Wimbo mmoja una mali mbili ndani yake, kuna utunzi (mashairi na melodi) na kuna ile rekodi yenyewe ambayo wenye kazi wanaiita masta, sasa msanii huru ni yule ambaye masta iko mkononi mwake au kwa lebo ndogo isiyo chini ya kampuni kubwa, na yeye ndo anaamua ngoma itoke lini na isikike vipi. Anaweza kuwa anajaza uwanja na bado akawa huru, na anaweza kuwa hajulikani hata mtaa wa pili na tayari kasaini karatasi iliyobeba masta zake zote. Lebo ya Motown ya Detroit, Marekani, ilianza 1959 kwa mkopo wa dola 800 ambao mwanzilishi wake Berry Gordy aliupata kwa familia yake, ikawa kubwa dunia nzima, na ilibaki lebo huru mpaka ilipouzwa 1988. Kwa hiyo ukikutana na msanii muulize mapema tu, masta ni ya nani? Hapo utakuwa umepata nusu ya stori yake.

Kwa nini nijifunge na mji mmoja wakati muziki wote uko kwenye intaneti?

Kwa sababu nyimbo ziko kwenye intaneti ila watu wako mjini. Bendi inatokea pale ambapo kuna chumba cha mazoezi, kuna mtu mwenye drams anayekubali kuziazima, kuna ukumbi unaowapa nafasi siku ambayo hauna wateja, na kuna watu ishirini wanaokuja kila mara hata mvua ikinyesha. Ukivuta uzi wowote hapo unakuta wote wanajuana, mpiga gitaa wa hawa ndo prodyuza wa wale, na mambo hayo huwezi kuyaona ukiwa mbali.

Mfano ninaoupenda ni Manchester, Uingereza, tarehe 4 Juni 1976. Vijana wawili, Howard Devoto na Pete Shelley, waliwaalika Sex Pistols, bendi ya panki ya London, kupiga kwenye ukumbi mdogo pale Lesser Free Trade Hall, na watu waliokuja wanakadiriwa kuwa kama 40 hivi. Vijana wengine wawili, Peter Hook na Bernard Sumner, walikuwepo, kesho yake Hook akanunua gitaa la besi na baadaye wakawa kwenye bendi ya Joy Division. Ila sikia sasa, leo watu wanaosema walikuwepo usiku ule ni wengi kuliko viti vilivyokuwepo, na mabishano hayaishi, kwa sababu hakuna aliyekaa pembeni na daftari akaandika nani yuko humu ndani. Watu 40 tu! Dakika kumi zingetosha kuwaandika wote.

Simjui mtu yeyote. Naanzia wapi?

Chagua ukumbi mmoja, mmoja tu, uende mara tatu au nne mfululizo bila kuangalia nani anapiga. Nenda mapema. Wanaofungua shoo ndo unaotakiwa kuwaona, maana yule wa mwisho ana watu wake tayari wa kumsema. Ukifika mapema utakuta fundi mitambo anavuta nyaya, msalimie vizuri na umwache amalize kazi, ukipata nafasi baadaye ongea naye, huyo amewasikia wote waliopita hapo na anajua nani anafanya mazoezi na nani anakuja kubahatisha. Na kila msanii unayeongea naye mwulize swali hili: nani mwingine hapa mjini unaona nimsikilize? Nimepata wasanii wazuri kwa swali hilo kuliko njia nyingine yoyote, kwa sababu msanii akimtaja mwenzake bila kuombwa faida huwa anamaanisha.

Mimi sijasoma muziki, sijui noti wala nini. Naruhusiwa kuandika?

Ndio. Ila itabidi ujifunze kusikiliza, na hiyo ni kazi kweli, sikufichi.

Tatizo la maandishi mengi ya muziki ni kwamba ukiyasoma hujui wimbo unasikikaje. "Ngoma kali sana, jamaa kaua, mdundo wa hatari." Sawa, lakini kuna gitaa humo? Anaimba au anaghani? Inaenda polepole au inakimbia? Jaribu hivi, sikiliza wimbo mara ya kwanza bila kuandika kitu, mara ya pili fuata ala moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho, tuseme besi, mara ya tatu fuata sauti ya mwimbaji, anavuta pumzi wapi, anakata maneno wapi, kiitikio kinaingia lini. Unaweza kuhesabu mapigo kwa sekunde 15 ukazidisha mara nne, ukipata 22 basi ni mapigo 88 kwa dakika, hapo tayari unaweza kulinganisha nyimbo mbili bila kubahatisha. Alafu ndo andika, mfano: "besi inaanza peke yake, drams haziingii mpaka beti ya pili, na mwimbaji anashusha sauti kila anapofika kwenye jina la mama yake." Msomaji akipita hapo anausikia wimbo kabla hajaubonyeza. Wala hujahitaji noti.

Na maneno ya kitaalamu usiyatumie mpaka uwe umemuuliza anayejua. Prodyuza atakueleza kwa furaha tofauti ya kumiksi na kufanya masta (hii nyingine, ya kuuweka wimbo sawa kabla haujatoka), yaani wanapenda kuulizwa hayo maana hakuna anayewaulizaga.

Nikienda kwenye shoo niandike vitu gani?

Hapa ndo roho ya kazi yote ilipo kwa hiyo nisamehe nikirefusha. Kabla ya maoni yako, kabla ya jinsi ulivyojisikia, andika haya: tarehe pamoja na MWAKA, jina la ukumbi na mtaa ulipo, nani walipiga na kwa mpangilio upi, kila bendi ina watu wangapi na nani anapiga nini, nyimbo mpya zilizopigwa, nani alikuwa kwenye mitambo, na kama unaweza watu walikuwa wangapi kwa kuhesabu, usikisie kutoka mlangoni. Majina uyaulize yanavyoandikwa. Nimewahi kuandika jina la mpiga kibodi vibaya na wengine wakanakili kosa langu, mpaka leo linazunguka hivyo, na yeye ni mpole hasemi kitu ila mimi linanisumbua.

Mwaka nimeuandika kwa herufi kubwa kwa sababu posta za shoo karibu zote hazina mwaka. Posta inasema Ijumaa tarehe 14, saa ngapi, kiingilio, basi. Aliyeitengeneza alikuwa anafikiria wiki ile tu na ni haki yake, wewe ndo wa kugeuza nyuma ya karatasi ukaandika mwaka kwa kalamu. Ukikuta posta ya zamani isiyo na mwaka angalia siku na tarehe, Ijumaa ya tarehe 14 mwezi fulani haiangukii kila mwaka, ukichanganya na jina la ukumbi na nani alikuwa bado yuko kwenye bendi unaweza kuupata mwaka wenyewe. Nimefanya hivyo na sanduku zima la posta za watu na ilinichukua majioni mengi ila kila moja ilipopata mwaka wake nilifurahi kama mtoto.

Ile karatasi ya nyimbo inayobandikwa chini stejini, shoo ikiisha iombe. Wengi wanaiacha hapohapo inakanyagwa.

Shoo ikiwa mbaya niseme?

Inategemea ubaya umetoka wapi, na kwanza ujue. Miaka ya nyuma niliandika kuhusu mwimbaji mmoja kwamba sauti yake ilikuwa inakwenda kando ya ala usiku mzima, na ilikuwa kweli, ila baada ya wiki mbili ndo nikaambiwa monita yake, ile spika ya kujisikilizia, haikutoa sauti hata kidogo kuanzia wimbo wa kwanza. Aliimba saa nzima bila kujisikia. Na mimi nilikuwa nimesimama mita kumi kutoka alipo na sikwenda kumuuliza. Niliandika marekebisho lakini marekebisho hayasomwi kama kosa lenyewe linavyosomwa, kwa hiyo siku hizi nikisikia kitu hakikai sawa naenda nyuma ya steji kwanza.

Bendi inayopanda mara ya kwanza au ya pili mimi siikosoi hadharani. Naandika kwamba walipiga, nyimbo ngapi, nani na nani, natulia. Lakini waliokwisha kutoa albamu mbili na wanaomba watu walipe, hao wanastahili ukweli, ukweli wenye mfano, yaani usiseme "albamu inachosha", sema nyimbo nne za katikati zina mdundo mmoja na urefu uleule na kiitikio kinarudi mara sita kila wimbo. Hapo msanii anaweza kubishana na wewe vizuri. Ukisifu kila kitu utaitwa chawa na hata sifa za kweli hazitaaminika tena, na wa kwanza kuumia ni yule msanii mzuri uliyetaka kumsaidia.

Wasanii wengi wamekuwa marafiki zangu. Ni tatizo?

Litakuja lenyewe hilo, mji mdogo au mkubwa, ukikaa na watu usiku hamsini mtakuwa marafiki tu. Dawa ni kusema. Andika mwanzoni kabisa kwamba huyu ni rafiki yangu, au nilimsaidia kubeba vyombo, msomaji apime mwenyewe. Kwenye hela ndo sina mchezo: ukilipwa na msanii kumwandikia wasifu au posta ni kazi halali ila usije ukageuka ukamwandikia maoni kama mtu baki. Redio za Marekani zilishapitia hili, mwishoni mwa miaka ya 1950 ikabainika madijei walikuwa wanapewa pesa za siri kupiga nyimbo, na 1960 sheria ikabadilishwa kwamba malipo ya namna hiyo lazima yatangazwe hewani. Kwamba pesa zilikuwepo haikuwa ndo kosa pekee, kilichoua imani ya wasikilizaji ni kufichwa.

Natumiwa nyimbo nyingi kuliko ninavyoweza kusikiliza. Nifanyeje?

Weka siku moja kwa wiki ya kusikiliza, dakika mbili za kwanza kwa kila wimbo, na waambie watu wazi kwamba huwezi kujibu wote. Wa mji wako waanze.

Picha nipigeje kwenye giza lile?

Kwanza uliza kama inaruhusiwa. Fleshi usitumie, inamchoma macho msanii na inaua taa za steji ambazo mtu alihangaika kuzipanga. Ukiwa na kamera, lenzi inayofunguka hadi f/1.8 inasaidia kuliko kamera mpya, ISO (namba ya jinsi kamera inavyohisi mwanga) kati ya 1600 na 3200, spidi ya shata isishuke chini ya 1/125 la sivyo mikono ya mpiga drams inakuwa moshi. Simu inatosha ukiisubiri taa, maana taa za steji zina mzunguko, ukizitazama wimbo mmoja utajua lini uso wa mwimbaji unawaka. Piga wimbo mmoja au miwili alafu uweke chini uone shoo kwa macho. Na piga wote wanaocheza, sio mwimbaji peke yake, bendi ikija kuvunjika utakuta mpiga besi hana hata picha moja akiwa kazini.

Masikio yanalia mpaka kesho yake. Kawaida?

Ni kawaida kwa maana ya kwamba inatokea sana, ila masikio yako yanakwambia yameumizwa. Kipimo kinachotumiwa sana kwa watu wa kazini ni sauti ya desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda salama unapungua nusu, kwa hiyo ukifika 100 una kama dakika 15 tu. Shoo ndani ya chumba kidogo inafika 100 bila shida. Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya kumbi mwaka 2022 na kikomo chake ni wastani wa desibeli 100 ndani ya dakika 15. Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, vile vinavyopunguza sauti yote kwa usawa ili bado usikie maneno, na usisimame mbele ya spika kubwa. Seli za ndani ya sikio zikifa haziotagi tena, na wewe kazi yako yote iko kwenye masikio hayo.

Naweza kuweka wimbo mzima wa msanii watu wausikilize?

Ukipewa ruhusa na wenye mali, ndio, na kumbuka nilivyosema kuna mali mbili, mtunzi na mwenye masta, wakati mwingine ni watu tofauti kabisa. Usijifiche kwenye "hajausajili". Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa haki za watunzi, ulipitishwa 1886, nchi zaidi ya 180 zimo, na chini yake haki ya mtunzi inazaliwa pale kazi inapotungwa, usajili sio sharti.

Lakini ukweli ni kwamba mara nyingi hutakiwi kuuweka wewe. Mpeleke msikilizaji pale ambapo msanii anapata kitu. Tangu 2024 Spotify hailipi mirabaha ya rekodi kwa wimbo ambao haujafikisha stirimu 1,000 (yaani kusikilizwa mtandaoni mara 1,000) ndani ya miezi 12, sasa piga hesabu, wimbo wa bendi ya mjini kwako wenye stirimu 700 unaweza kuvushwa mstari na wasomaji wako tu. Bandcamp nako, mtandao ambao wasanii wanauzia nyimbo zao, tangu Machi 2020 wamekuwa na Ijumaa maalum ambazo kampuni inaacha mgao wake, kwa hiyo ukijua tarehe zake uwaambie watu wanunue siku hiyo. Na kama bendi inauza kanda au fulana mlangoni, sema hivyo.

Wasanii wakikuuliza mambo ya namba za kutambulisha nyimbo, waambie tu kwamba ISRC ni ya rekodi, ina herufi na tarakimu 12 jumla, na ISWC ni ya utunzi. Wimbo mmoja ukirekodiwa mara mbili unakuwa na ISRC mbili. Zaidi ya hapo wawaulize wanaowasambazia nyimbo au chama cha hakimiliki cha kwao.

Vitu vyote hivi navihifadhi vipi?

Usiiachie kampuni yoyote kazi hii. Mwaka 2019 MySpace, mtandao wa kijamii ambao bendi nyingi ziliweka nyimbo zao, walikiri kwamba katika kuhamisha data walipoteza karibu muziki wote uliopandishwa kwao kabla ya 2016, zaidi ya nyimbo milioni 50 za wasanii kama milioni 14. Baadaye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ikapata nyimbo zipatazo 490,000 zilizokuwa zimenakiliwa na watafiti, asilimia moja tu hapo. Nyingi ya zile zilizopotea zilikuwa za bendi hizihizi tunazozungumzia, za mjini kwao, ambazo hazikuwa na nakala nyingine popote, na walioimba wengine wameshafariki. Nikiifikiria hiyo habari bado nashindwa kukaa kimya.

Kwa hiyo, nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine kabisa. Faili zipe majina yanayoanza na mwaka, mwezi, siku, alafu bendi, alafu ukumbi, zitajipanga zenyewe. Msanii akikubali kukupa rekodi ya kutunza omba WAV, faili la sauti lisilobanwa, dakika moja ya ubora wa CD ni kama megabaiti 10 na diski siku hizi zina nafasi, MP3 imeshakatwa vitu ambavyo havirudi. Karatasi na posta ziweke pakavu, mbali na jua, na usizibandike gundi. Na mwaka mara moja fungua nakala zako uone kama zinafunguka kweli.

Nimeandika mwaka mzima na wasomaji hawafiki hamsini. Niendelee?

Nami mwanzo walikuwa wachache hivyo na wengi wao walikuwa wapigaji wenyewe na ndugu zao. Ndo hao hasa. Punguza kama umechoka, nenda shoo moja kwa mwezi badala ya nne, ila hiyo moja iandike kamili na mwaka wake.

Bendi imevunjika na mmoja wao anataka nifute yote niliyoandika. Nifute?

Muulize kinachomsumbua. Kama kuna kosa rekebisha na uweke tarehe ya marekebisho, kama umetaja anapoishi au jambo la familia yake litoe mara moja wala usimwombe sababu, na kama ni picha aliyopigwa akiwa mtoto itoe pia. Kama ni kwamba wamegombana na hataki kuona jina la mwenzake, msikilize, mpe pole, mwambie utakaa wiki mbili ufikirie. Ila kwamba tarehe ile watu watano walipanda stejini wakapiga nyimbo tisa, hilo mimi silifuti, kwa sababu wale wengine wanne nao walikuwepo.